Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mpishi Testaccio, Roma

Saa 2 asubuhi

Mwezi huu wa Machi meza za soko la Testaccio zimejaa carciofi, na kazi yangu ya kwanza ni kuzichagua. Carciofo ni ua changa linaloliwa kabla halijachanua. Aina ya Roma ni ya mviringo na haina miiba. Bora kuliko yote ni lile linaloota kwenye ncha ya shina kuu, nalo huitwa cimarolo. Nalibonyeza: likiwa gumu na majani yamebana, linaingia kikapuni; likiwa limelegea, naliacha. Ukija mjini hapa Agosti usimwombe mpishi carciofi. Akikuletea, basi zimetoka kwenye friza.

Saa 3 asubuhi

Naanza na mkia wa ng'ombe, kwa sababu ndio unaotaka muda kuliko vyote. Mkia tutakaouza leo ulipikwa jana. Huu ninaoukaanga sasa ni wa kesho. Coda alla vaccinara, ndilo jina la mkia huu, ikilala usiku mmoja, mchuzi unakolea na nyama inaachia mfupa yenyewe. Nakaanga vipande hadi viwe vya kahawia, nawekea kitunguu, karafuu mbili tatu, mvinyo, kisha nyanya, nafunika na kuacha moto mdogo kwa saa nne au zaidi. Seleri inaingia mwishoni, tena nyingi sana. Hapa kwetu tunamalizia na zabibu kavu, mbegu za msonobari na kakao kidogo isiyo na sukari. Wako wapishi wanaoikataa kakao. Mimi naipenda, inaupa mchuzi kina.

Jina la chakula hiki limetokana na vaccinari, wachinjaji na wachuna ngozi wa Roma. Machinjio makubwa ya Roma yalijengwa Testaccio kati ya 1888 na 1891, yakafanya kazi hadi 1975. Robo nne za mnyama ziliwaendea wenye pesa. Mkia, utumbo, moyo, ini, mapafu na kichwa vikabaki, na sehemu ya ujira wa wafanyakazi ililipwa kwa hivyo. Warumi wakaviita quinto quarto, robo ya tano. Wafanyakazi walivipeleka nyumbani na kwenye vilabu vya mvinyo vya jirani, na wanawake waliopika humo wakatengeneza jiko ambalo leo watu wanapanda ndege kulifuata. Sichoki kulisema jambo hili: sehemu kubwa ya upishi wa Roma imejengwa na watu walioachiwa mabaki, wakakataa kula vibaya.

Saa 5 asubuhi

Carciofi zimeshamenywa, zimepakwa limau zisigeuke nyeusi, zimejazwa kitunguu saumu na mentuccia, jani la porini lenye harufu ya karibu na mnanaa. Nimezipanga kichwa chini, mashina juu, ndani ya mafuta ya zeituni, mvinyo mweupe na maji.

Utumbo nao uko motoni. Roma ina ratiba yake ya wiki: Alhamisi gnocchi, yaani madonge madogo ya viazi, Ijumaa samaki, Jumamosi utumbo. Migahawa mingi imeiacha ratiba hiyo. Sisi bado tunaifuata.

Nusu saa baadaye tunakaa sote mezani kula: mpishi mkuu, mama mwenye mgahawa, wahudumu wawili na mwosha vyombo anayetoka Bangladesh. Ni dakika ishirini, lakini hakuna anayekula amesimama.

Saa 6:30 mchana

Mlango unafunguliwa. Mchana kituo changu ni tambi, na maagizo yanamiminika.

Tambi nne za Roma ni ukoo mmoja. Ukichukua guanciale, yaani shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi na pilipili manga, ukalikaanga likatoa mafuta yake na kulichanganya na jibini la kondoo, pecorino, umepata gricia. Ongeza nyanya, ni amatriciana. Badala ya nyanya weka mayai, ni carbonara. Ondoa guanciale kabisa, ubaki na pecorino na pilipili manga, hiyo ni cacio e pepe. Krimu haimo hata katika moja.

Cacio e pepe ndiyo inayompima mpishi. Nachemsha tambi katika maji machache ili yawe mazito kwa wanga, nakaanga pilipili bila mafuta, nachanganya jibini na maji ya tambi yaliyopoa kidogo hadi niupate uji laini, halafu naunganisha nje ya moto. Joto likizidi nyuzi 65 hivi, jibini linakatika na kuwa mabonge, na mabonge hayo hayarudi. Sahani ya namna hiyo haitoki jikoni kwangu.

Ndugu zangu Waislamu wananiuliza mara kwa mara watakula nini Roma. Guanciale imo katika vyakula vingi, hata katika mkia, na mvinyo pia umetapakaa, kwa hiyo muulizeni mhudumu bila aibu kabla ya kuagiza. Au nendeni Ghetto, mtaa ambamo Wayahudi wa Roma walifungiwa kuanzia 1555 hadi 1870. Migahawa ya kosher ya pale, yaani inayofuata sheria za Kiyahudi za chakula, haipiki nguruwe, na carciofi alla giudia, linalokaangwa kwenye mafuta mengi mpaka majani yakawa makavu na kuvunjikavunjika mdomoni, ni chakula kilichozaliwa katika dhiki hiyo. Mimi naliweka juu kuliko tunalopika sisi.

Saa 9:30 alasiri

Jiko limefungwa hadi jioni. Napita kando ya Monte Testaccio, kilima cha mita 35 hivi ambacho chote ni vigae. Warumi wa kale walishusha mafuta ya zeituni bandarini hapa karibu, wakavunja mitungi iliyokuwa imelowa na kuipanga mpaka kikawa kilima. Mingi ilitoka Hispania, mingine Afrika Kaskazini. Nakaa kwenye benchi, napiga simu nyumbani Moshi, nafumba macho kidogo.

Saa 11 jioni

Puntarelle: machipukizi machungu ya mboga za majani, nayachana nyuzinyuzi na kuyatia kwenye maji ya barafu mpaka yajikunje. Mchuzi wake ni dagaa wa chumvi, kitunguu saumu, siki na mafuta.

Saa 1:30 usiku

Wageni wa nchi nyingine huja mapema. Warumi wenyewe wanaanza kuingia karibu saa 3. Ukikaa, meza ni yako kwa usiku huo. Kinaanza kitangulizi, kisha tambi, kisha nyama na mboga yake kwenye sahani ya pembeni, na si lazima uagize vyote. Bili haiji mpaka uiombe, kwani kumletea mgeni bili asiyoiomba ni sawa na kumwambia aondoke. Wengi wanadhani wamesahauliwa. Hapana, wameheshimiwa.

Mhudumu anakuja kuniita: kuna kundi linazungumza lugha yangu. Najifuta mikono, natoka. Ni mahujaji wa Kikatoliki kutoka Tanzania, wametoka Basilika la Mtakatifu Petro, na mkubwa wao ni mama wa makamo aliyejifunga kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Kumbe jikoni tuna mtu wetu! Haya, tuambie tule nini, maana hii menyu hatuielewi."

Nikamwambia leo ni siku ya utumbo.

"Utumbo? Huku Ulaya?"

"Huku ndiko kwenyewe, mama."

Nikawapelekea trippa alla romana, imepikwa kwa nyanya, juu mentuccia na pecorino ya kutosha. Mama akaonja, akatafuna polepole, akasema umesafishwa vizuri, hauna harufu. Kisha akauliza ndimu iko wapi. Ndimu sina, nikampa limau. Akalikamulia upande mmoja wa sahani, akala huku na huku, akatangaza kwamba upande wenye majani ni wa kwao na upande wenye limau ni wa kwetu, na kwamba yeye hachagui. Sahani ilirudi imefutwa kwa mkate.

Saa 6 usiku

Nahesabu kilichobaki. Carbonara zimeuzwa nyingi kupita chakula kingine chochote, mkia umekwisha, utumbo umebaki robo ya sufuria. Ndivyo inavyokuwa Jumamosi nyingi: watu wanasafiri mbali, wanafika kwenye mtaa wa machinjio, wanaagiza tambi waliyoiona kwenye simu. Inaniuma, kwa sababu tukiacha kuuza utumbo tutaacha kuununua, na mchinjaji ataacha kututunzia.

Mpishi mkuu alikuwa ameanza kusema tuuondoe kwenye menyu. Nikamweleza meza ya mahujaji. Tumebishana tukikosha majiko, mama mwenye mgahawa akaingilia kati, tukakubaliana: kuanzia Jumamosi ijayo utumbo utatoka pia kwenye bakuli dogo la kitangulizi, kwa bei ndogo, ili mtu aonje kabla ya kuamua. Limau litakaa pembeni kwa anayelitaka.

Kilo za wiki ijayo nimeshaziandika kwenye karatasi ya oda.