Kontroli boksi jipya, funguo za zamani

Mvua za masika zilipoijaza maji njia ya Mwanakwerekwe, hapa Unguja, nilifanya ujinga wa kuyapita kwa gari langu, Toyota ya mtumba kutoka Japani, na siku ya pili injini ikagoma kuwaka. Fundi umeme alipolifungua kontroli boksi, ambalo ndilo kompyuta ya injini, tulikuta pini mbili zimeota kutu ya kijani na pembe moja ya bodi imeungua.

Nilipata jingine la mtumba Dar es Salaam, lenye namba ileile kwenye kibandiko, likaletwa kwa boti, nami nikaamini kazi imekwisha. Kumbe bado. Starta ilizungusha injini vizuri lakini haikushika, kwa sababu ndani ya plastiki ya kila ufunguo mna chipu ndogo isiyohitaji betri, na kompyuta hairuhusu injini iwake mpaka iitambue namba ya chipu hiyo. Hili lililotoka gari jingine lilikuwa likisubiri funguo za mwenyewe wa zamani.

“Maalim, lile bovu hujalitupa?” aliniuliza fundi. Alhamdulillahi, lilikuwamo butini. Alikichomoa humo kijichipu cha kumbukumbu, kinachohifadhi namba za funguo, kwa hewa ya moto, akakisoma kwa laptopu, kisha akaziandika taarifa zile kwenye boksi jipya. Funguo zangu zote mbili zikakubali. Ujira wake ulikaribia bei ya boksi lenyewe, na sikuona kama amenidhulumu.