Zabibu za baba kwenye glasi ya tatu

Novemba 2019 nilikuwa Aberdeen, Scotland, nikisoma uhandisi wa petroli, kama Watanzania wengine kadhaa waliofuata masomo hayo huko baada ya gesi ya kusini kuvuma. Kwenye maabara yetu kulikuwa na fundi mmoja, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu. Siku moja alinisikia nikimweleza mwenzangu jinsi mnara wa kukeneka unavyotenganisha vimiminika. Akaniuliza kama nimewahi kuonja kitu kilichokenekwa na watu waliorithi kazi hiyo kwa babu zao. Nikamwambia kwetu ninaijua gongo. Akasema, "Basi Jumamosi mje kwangu Elgin, nyote wawili."

Mwenzangu ni mtu wa Mtwara, Mwislamu, hanywi. Nilidhani atakataa. "Twende kaka," akasema, "mimi nitanusa tu. Kunusa hakuna dhambi."

Treni kutoka Aberdeen ilichukua kama saa moja na nusu. Mzee alitupokea stesheni, akatupitisha mtaa wa South Street kutuonyesha duka la Gordon & MacPhail. Lilianza mwaka 1895 kama duka la vyakula na vinywaji, na wenyewe wakati huo hawakuwa na kiwanda cha wiski. Walichofanya ni kupeleka mapipa yao kwenye viwanda vya watu, yakajazwa pombe ingali changa, kisha wakasubiri. Miaka kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi ya hamsini. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na wajazaji huru: hununua pipa, huliangalia likikua, halafu hujaza chupa kwa jina lao wenyewe. Chupa nne za wiski alizokuwa nazo mzee nyumbani zilitoka kwa mjazaji mwingine, mdogo zaidi, na lebo zake zilinifurahisha kabla sijaonja chochote. Mwaka wa kukenekwa, mwaka wa kutiwa chupani, namba ya pipa, na jumla ya chupa zilizopatikana humo. Hakuna rangi iliyoongezwa. Pipa likiisha, limekwisha.

Alitupangia glasi ndogo zenye tumbo chini na mdomo uliobana, nne kwangu na nne kwa mwenzangu, na kando yake jagi la maji na kijiko cha chai.

Ya kwanza ilikuwa Linkwood, kiwanda kilichopo hapo hapo pembeni mwa Elgin. Maisha yake yote ilikaa kwenye pipa lililowahi kubeba burboni, wiski ya Marekani. Kule sheria inataka burboni ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani, kwa hiyo mapipa yakishatumika mara moja huuzwa, na mengi huishia Scotland. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu. Ilinukia tufaha la kijani na kimea. Kimea nakijua, bibi yangu alikuwa akiotesha uwele kwa ajili ya pombe, na harufu ya shayiri iliyooteshwa haiko mbali na ile.

Ya pili ilikuwa Linkwood tena, ila miaka miwili ya mwisho ilihamishiwa kwenye pipa lililokaa na sheri ya aina ya oloroso. Hapo mzee alitueleza habari ya kumalizia. Sheri ni mvinyo wa Jerez, kusini mwa Hispania. Zamani ilisafirishwa Uingereza ikiwa kwenye mapipa, na Waskoti wakachukua mapipa matupu badala ya kuyatupa. Tangu miaka ya 1980 sheri hutiwa chupani huko huko kwao, kwa hiyo siku hizi pipa hutengenezwa, hujazwa sheri mwaka mmoja au miwili, sheri hutolewa, kisha pipa huuzwa kwa watu wa wiski. Ni pipa kubwa, lita 500 hivi, mara mbili na nusu ya lile la burboni. Wiski iliyokwisha kukomaa huingizwa humo kwa miezi au miaka kadhaa ili ivae vazi la pili.

Nilipoonja niliona vazi limemkaa mtu vizuri. Tufaha lilikuwepo bado, sasa limeokwa, na nyuma yake kokwa za lozi na ganda la chungwa. Kilevi chake kilikuwa asilimia 55 na zaidi. Mzee akadondosha maji nusu kijiko, na kimea kikatokeza tena wazi kabisa.

Glasi ya tatu haikuwa na jina la kiwanda. Lebo ilisema Speyside basi, yaani eneo la viwanda vya wiski huko huko kaskazini mwa Scotland. Viwanda vingine huuza pipa kwa sharti kwamba jina lao lisitajwe. Imemaliziwa kwenye pipa la Pedro Ximénez, sheri tamu sana yenye jina la zabibu yake, rangi yake kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Niliinua glasi, nikanusa, nikaishusha.

Mwenzangu akaniuliza, "Vipi kaka?"

Nilikuwa Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mwaka 2001, darasa la sita. Shamba la baba lilikuwa ekari moja ya zabibu, na msimu ule lori la mnunuzi halikuja. Wiki ya kwanza tulisubiri. Wiki ya pili zabibu zikaanza kulainika mtini. Mama akaazima mikeka kwa majirani wote, tukavuna, tukaanika uani kuanzia mlangoni hadi kwenye banda la mbuzi. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza. Ngozi za zabibu zilikuwa zinasinyaa, utomvu wake unaganda kwenye ukindu, ukivuta punje inakuja na kijiuzi kirefu cha sukari na nyuzi za mkeka. Nyuki walikuwa wengi kiasi kwamba mama alitukataza kutembea pekupeku. Harufu ilikuwa tamu mpaka inachoma puani, na ndani yake kulikuwa na uchachu kidogo. Usiku wa siku ya nne mvua ikanyesha. Asubuhi baba alisimama mlangoni, hakusema kitu, akachukua koleo.

Harufu ile ndiyo iliyokuwa kwenye glasi, yote, pamoja na uchachu.

Nilimweleza mzee. Akaniambia kwamba huko kusini mwa Hispania zabibu za Pedro Ximénez huanikwa juani juu ya mikeka, kwa makusudi, wiki moja au zaidi, mpaka zisinyae na sukari ijikusanye. Ndipo hukamuliwa. Nilimtaka arudie hiyo habari ya mikeka.

Nilikunywa ile glasi polepole, na sikutaka ijadiliwe. Lakini kwa uaminifu, kama wiski, haikuwa bora. Sheri ilikuwa imeifunika pombe yenyewe. Nilitafuta shayiri nikaikosa. Ya pili ilikuwa bora, na hadi leo nasimama hapo: pipa la kumalizia likae kama mgeni, lisimfukuze mwenye nyumba.

Ya nne, Caol Ila ya kisiwa cha Islay, ilikuwa na moshi wa peat, yaani udongo wa kinamasi wenye mimea iliyooza, unaochomwa wakati wa kukausha kimea. Mwenzangu wa Mtwara aliinusa kwa muda mrefu kuliko zote. "Hapa pana pweza anabanikwa," akasema, "na mtu amekaa karibu anakula tende." Mzee alichukua kalamu akayaandika maneno hayo nyuma ya bahasha.

Jumapili nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Baridi ya huko inasemaje?"

Nikamweleza habari ya Hispania, ya zabibu zinazoanikwa kwa makusudi, ya mikeka. Akanyamaza kitambo, nikadhani simu imekatika.

"Na usiku wanazifunika?"

"Wanazifunika, baba. Umande usizipate."

"Ehee," akasema. "Sisi hatukuzifunika."