Kitufe cha "Kubali"

Kazi yangu ni kusanifu skrini za mifumo ya akili mnemba, na kinachonikosesha usingizi ni kitufe cha "Kubali", kile cha kupokea pendekezo la mashine. Kikiwa kikubwa, cha kijani, huku cha "Kataa" kimefichwa pembeni kwa rangi ya kijivu, mtu aliyechoka atabonyeza tu hata mashine ikikosea. Halafu lawama tunamtupia yeye!

Mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alishaonya: mashine ikichukua kazi, binadamu hubakiwa na kuisimamia, na ujuzi wake hufifia kwa kukosa mazoezi. Ndiyo maana nang'ang'ania mtumiaji aandike uamuzi wake kabla ya kuona wa mashine. Wenzangu wanasema inachelewesha. Ni kweli, lakini kama kinachoamuliwa ni ugonjwa kwenye picha ya mapafu ya mgonjwa, acha ichelewe.