Donati za Moto za Camino

Tulitoka Sacramento, California, saa moja asubuhi, Jumamosi ya Oktoba. Kaka alishanionya kwamba tukichelewa tutaipanda Carson Road kwa mwendo wa kinyonga, maana msimu huu nusu ya mji huhamia milimani. Barabara kuu namba 50 inaelekea mashariki, kwenye safu ya Sierra Nevada. Hadi Camino ni kilomita 80 hivi. Tuliupita Placerville, mji wa wachimba dhahabu, bila kusimama. Ni jirani na Coloma, ilikookotwa mwaka 1848 ile dhahabu iliyowavuta watu California. Siku nyingine ningeshuka. Siku hiyo nilitaka kufika Camino kungali mapema.

Eneo lote linaitwa Apple Hill: mashamba zaidi ya 50, mengi ya familia, yametawanyika kwenye vilima vya misonobari. Majiko ya kuokea huwaka matofaa yanapoiva, na mengi huzimwa Desemba. Kila shamba lina sifa yake. Hapa utasifiwa pai, pale matofaa yaliyokatwakatwa na kukaangwa ndani ya unga. Sisi tulikwenda Rainbow Orchards, kwa ajili ya donati.

Nieleze kwanza kuhusu tofaa, maana sisi wa pwani tukisikia neno hilo huwaza lile tunda laini lenye majimaji na harufu ya waridi. Hili la Camino ni gumu, ukiling'ata linalia, na ukali wake unabaki ulimini.

Foleni ilikuwa ndefu, ila harufu ilitushika pale pale. Nilipoona neno "saida" nikasita, nikamwuliza binti wa kaka kama kuna kilevi.

"Hapana shangazi," akasema. "Huku saida ni juisi tu ya matofaa, haichujwi. Ndiyo wanayokandia unga."

Na siri yote imo humo. Tofaa dogo, au lenye kovu, ambalo mteja hatalichagua kwenye kikapu, husagwa na kukamuliwa. Juisi huingia kwenye unga, na ule uchachu wake hulainisha donati. Unga wenyewe ni mzito kama wa keki, hauumuliwi kwa hamira kama maandazi yetu. Hudondoshwa kwenye mafuta vipete vipete, hugeuzwa mara moja, kisha hugaragazwa kwenye sukari yenye mdalasini ikiwa bado ya moto. Nje inakwaruza kidogo, ndani inayeyuka. Nilikula ya kwanza nimesimama, ya pili nimeketi chini ya mti, nikiwa kimya. Mdalasini ule ulinirudisha Amani, kule juu Usambara, ambako magome hukaukia kwenye mikeka mbele ya nyumba.

Kaka ndiye aliyenipa habari iliyonikaa moyoni. Vilima hivi zamani vilikuwa vya mapeasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaingia ugonjwa unaosambazwa na mdudu mdogo mfyonza utomvu, mipeasi ikafa shamba baada ya shamba. Wakulima wakageukia matofaa, na mwaka 1964 wachache wakaungana kwa jina la Apple Hill, wawavute watu wa mjini waje kununua shambani wenyewe. Badala ya kusubiri dalali, wakawasha majiko.

Nilitazama tena ile foleni. Mimi ni mtoto wa Muheza. Nimekulia kando ya barabara ya Tanga, ambako msimu ukikolea machungwa hupangwa mafungu kwa mafungu, na mwenye lori ndiye anayetaja bei. Yasiyouzika huoza chini ya michungwa. Nimeyakanyaga utotoni nikienda shule, na harufu yake naijua. Tunda zuri kuliko haya, nasema bila kuona haya, na hatujalijengea hata jiko moja la maana kando ya barabara ile. Mdalasini tunao. Iliki tunayo. Mama zetu wanajua kukaanga kabla jogoo hajawika.

Tulirudi na dumu la saida na donati kumi na mbili, saba zikafika nyumbani. Jioni nikakanda unga wa maandazi kwa saida badala ya maji, nikatia iliki. Yaliumuka polepole, lakini yalitoka na rangi nzuri ya kahawia, na binti wa kaka akala manne.

Nikampigia mama simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo juisi lazima iwe ya matofaa?"

"Nadhani hata chungwa litafaa, mama. Lina uchachu wake."

"Basi msimu ukifungua nitakanda na kilo moja tu ya unga kwanza," akasema. "Yakikubali, nakwambia uje uyaonje."