Mama ni mjomba, dada ni babu

Chukua maneno ya nyumbani ambayo kila mtu anayajua, mama, baba, dada, kaka, alafu yapeleke kwa Wagujarati, wale Wahindi wenye asili ya Gujarat, tulioishi nao Zanzibar, Mombasa na Dar miaka nenda rudi. Kwao mama ni mjomba. Kaka ni baba mdogo. Dada ni babu, yule aliyemzaa baba yako, na babu wa upande wa mama wanamwita nana, mkewe sasa, yani bibi yako mzaa mama, ndo anaitwa nani. Dada kama huyu wetu wao wanasema ben, kaka ni bhai.

Siku moja niko Kisutu kwenye duka la vitambaa nasubiri kukatiwa, katoto ka mwenye duka kakachungulia mlangoni kakaanza kupiga kelele "Mama avya! Mama avya!" (avya ni amekuja), wateja wote tukageuka kumwangalia huyo mama. Kaingia bwana ana masharubu mazito, helmeti ya pikipiki mkononi, katoto kakamrukia shingoni. Ni mjomba ndo kaja.

Sasa wengi wakisikia hivi wanasema basi hayo maneno tuliyachukua kwao au wao waliyachukua kwetu, si tumefanya biashara karne na karne. Ni kweli biashara imetuachia maneno, gari, bima, laki, hayo yametoka India na ukiyafuata unaiona kabisa njia waliyopita nayo, neno limekuja na kitu chake na maana yake imekaa palepale. Lakini mama na baba hatukusubiri jahazi lituletee. Wazulu kule kusini wanasema umama na ubaba, Waganda maama na taata, Wanyarwanda mama na data, hayo tunayo Wabantu tangu zamani. Na hiyo tata nayo ina safari zake, kwa Kilingala ni baba, kwa Wapolandi na Waromania ni baba, ila ukifika kwa Wakikuyu tata ni shangazi.

Inayonishangaza kuliko zote ni Georgia, ile nchi ya milima ya Caucasus. Kule mama ndo baba! Mzazi wa kiume anaitwa mama, mzazi wa kike anaitwa deda, wala hakuna mtoto anayechanganyikiwa. Ukienda Serbia deda ni babu na baba ni bibi. Uturuki baba ni baba kama kwetu, China pia baba ni baba, na Kiswahili, Kituruki na Kichina hazina undugu wowote, kila lugha ina ukoo wake.

Aliyelieleza vizuri hili ni Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Moscow, kwenye makala yake ya mwaka 1960. Anasema mtazame mtoto anaponyonya, mdomo umeziba, sauti pekee inayoweza kutoka inapitia puani, mmm. Baadae akiona ziwa au akilitaka anatoa sauti ileile, akiachia mdomo inakuwa ma, akirudia ni mama. Midomo ikifungwa bila pua ni ba au pa, ulimi ukigusa mbele ni da au ta, na hizo ndo sauti nyepesi ambazo mtoto yeyote wa Kigoma au wa Beijing anaanza nazo. Na alikuwa na hesabu mkononi, mwanaanthropolojia George Murdock alishakusanya maneno 1,072 ya kuita mama na baba kutoka lugha za kila upande wa dunia, ikaonekana kati ya maneno ya mama asilimia 55 yana m, n au ng', ya baba ni asilimia 15 tu.

Kwahiyo mtoto anabwabwaja, hajamwita mtu bado. Wakubwa ndo wanaosikia ma ma ma wakasema haya kaniita mimi, na kila kabila limegawa sauti hizo hizo chache kivyake, huku kapewa mzazi, kule kapewa mjomba, kwengine babu. Mgao mara nyingi unafuata pua na ziwa kama Jakobson alivyoonyesha, ila haulazimishwi, na Wageorgia ndo ushahidi wangu.

Ndo maana nakasirika nikikuta mtu kaweka baba ya Kichina na baba ya Kiswahili pembeni akatangaza asili yetu ni moja. Hapana jamani, undugu wa lugha hauthibitishwi na neno moja linalofanana, unathibitishwa na tofauti inayojirudia kwa mpangilio. Angalia Kiswahili na Kikuyu. Sisi tunasema hapa, wao haha. Sisi kupa, wao kũhe. Sisi upepo, wao heho ambayo ni baridi. Kila tulipoweka p wao wana h, neno baada ya neno, na hapo ndo unasema kweli hawa ni ndugu wa tumbo moja, japo ukiyasikia tu maneno yenyewe hayafanani sana.

Na hiyo haha ya Wakikuyu, kwa Wajapani ni mama yangu. Hakuna uhusiano kabisa, lakini p imepita njia ileile, maana haha ya Kijapani zamani sana ilikuwa papa, ikalegea ikawa kama fafa, mwisho ikabaki pumzi tu. Tunajuaje? Wajapani wana kitendawili kwenye mkusanyiko wa mwaka 1516 unaohusishwa na Go-Nara, aliyekuja kuwa kaizari wao. Kitendawili! Kwa mama tunakutana mara mbili, kwa baba hatukutani hata mara moja. Jibu ni midomo. Ukilitamka haha kwa Kijapani cha leo jibu halileti maana, midomo haikutani popote, lakini kwa watu wa wakati ule mama alikuwa bado ni fafa na midomo inakaribiana mara mbili, wakati baba, chichi, unaitamka bila midomo kugusana. Neno limebadilika, kitendawili kimebaki kinashuhudia lilivyokuwa, na mimi sijawahi kuona ushahidi mtamu kama huo.

Siku hizi watoto wengi Japani wanamwita mama yao mama na baba yao papa. Hizo sasa ni za kuazima kweli, wamezitoa Ulaya.