Eti nalipwa kusikiliza muziki: siku moja maishani mwangu

Ndugu zangu wakiulizwa nafanya kazi gani hujibu, "Huyo anasikiliza muziki tu." Sikatai. Ila jana nimeusikiliza wimbo mmoja mara arobaini na ushee, na mara nyingi haukufika hata kwenye kiitikio. Kazi yangu ni kupima spika ndogo za studio, zile zenye wufa (koni ya sauti nzito) ya inchi nne au tano zinazokaa mbele ya mtu anayemiksi, yaani anayesawazisha sauti na ala za wimbo, na kumweleza mwenye nazo kama zinamwambia ukweli au zinambembeleza.

Saa 2 asubuhi. Nafungua studio, nawasha mitambo, nazima simu. Njiani sikuvaa visikilizi na sivai kamwe siku ya kazi. Mkono ukichoka unatetemeka, unaona mwenyewe. Sikio likichoka halisemi, linaanza tu kudanganya.

Saa 3. Utepe wa kupimia, stendi, nyaya. Spika mbili na kichwa changu vinafanya pembetatu yenye pande sawa, mita moja na kidogo kila upande, twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, zikiwa usawa wa masikio. Meza naiweka kando, maana spika ikilazwa juu yake sauti hugonga mbao na kurudi imechelewa kidogo, na mwimbaji anakuwa kama anaimbia ndani ya debe. Spika hazikai karibu na ukuta pia, kwani ukuta huvimbisha besi. Halafu napiga pinki noizi, mvumo kama wa mvua kwenye bati, na kusawazisha jozi zote za spika kwa kipima sauti mpaka tofauti isizidi nusu desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini spika iliyolia kwa nguvu kidogo ndiyo iliyowapendeza. Watafiti Fletcher na Munson walishalionyesha jambo hili mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, masikio yetu huikosa besi, ukiiongeza, besi inarudi na kila kitu kinanoga. Spika haijabadilika hata kidogo.

Saa 4 mteja akaingia, na siku ikageuka.

Ni prodyuza kijana, mwenye adabu, simsemi vibaya. Kaja na jozi yake aliyoinunua juzijuzi, anataka niilinganishe na jozi mbili nilizonazo. Shida yake: miksi zake zikitoka nje, garini au kwenye redio ya mtu, zinakuwa nyembamba, besi hamna. "Lakini fundi, hizi zangu zinapiga. Sikiliza." Kabla sijakaa, mkono wake ulishafika kwenye kitufe cha sauti.

Nikarudisha. Akaongeza. Nikarudisha tena, nikamwambia tumeshapima, tukigusa hapo tunaanza upya. Akatikisa kichwa kwa heshima zote. Nilipoinama kubadilisha waya, nikasikia sneya, ile ngoma kali ya wimbo, imesogea karibu. Tukapima upya. Mara tatu, jamani. Mara ya nne nikabandika tepu juu ya kitufe.

Nikamweleza kwamba hata Yamaha NS-10, zile zenye wufa nyeupe anazoziona kwenye picha za studio za zamani, hazikupendwa kwa besi. Zilitoka mwaka 1978 kama spika za nyumbani. Besi yake haba, masafa ya kati yanajitokeza kama mtu mkali, kiasi kwamba mafundi wengine walikuwa wakitundika karatasi laini ya chooni mbele ya twita kupunguza makali. Zilikaa studio miaka yote ile kwa sababu makosa yako hayakuwa na pa kujificha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hizo za zamani, fundi."

Basi nikamwonyesha. Nikachukua kibodi, nikapiga noti moja moja kuanzia ile ya chini kabisa ya gita la besi, hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), nikipanda taratibu kwa nguvu ileile. Noti ya kwanza kwenye spika zake ilikuwa pumzi tu. Nikashika kipande cha karatasi mbele ya tundu la hewa nyuma ya kasha, kikapepea kama bendera, "fufufu," lakini noti yenyewe haipo. Kilichosikika ni kivuli chake cha juu, mitetemo mara mbili, huko kwenye hezi 82. Nikapanda. Nilipokaribia hezi 65 spika ikaamka, ikapiga kelele, hata kikombe cha kalamu kikatikisika. Noti mbili mbele, ikanywea. Anachokiita "kupiga" ni noti mbili tatu zinazovimba. Akimiksi, anazipunguza hizo ili masikio yake yatulie, na nje ya chumba, ambako hakuna uvimbe, besi inakuwa imekatwa.

Akanyamaza. Nikadhani tumefika. Akauliza kama tukiongeza sauti kidogo ile noti ya kwanza haitatokea.

Mchana umepita hivyohivyo. Mono, yaani spika zote mbili zikitoa sauti moja, kisha spika moja tu, kisha kwa sauti ndogo ya kunong'ona, pale ambapo miksi mbaya hujisaliti haraka. Kila sekunde ishirini kubadilisha, kuandika, kubadilisha. Saa 8 hivi nikalazimisha mapumziko ya kimya. Yeye akatoa simu acheze wimbo mwingine. Nikamwomba, mdogo wangu, nipe dakika kumi za kusikia feni.

Halafu likaja lililoniumiza. Tulivuta kitambaa chepesi cheusi mbele ya jozi zote, yeye akawa anabadilisha bila kuniambia zipi ni zipi. Nikaandika kuhusu namba mbili: "Mwimbaji kasimama katikati, hatikisiki. Mwangwi nausikia mpaka unapokufa. Kwa sauti za watu, hii." Kitambaa kikaondolewa. Namba mbili ilikuwa yake. Kipya kinyemi, wanasema, nami asubuhi nilishaziweka kwenye fungu hilo. Sasa daftari langu mwenyewe linanicheka. Yeye hakucheka, na hilo nililishukuru.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipouliza swali nililopaswa kuuliza asubuhi: chumba chako kikoje? Urefu mita tatu na nusu. Na unakaa wapi? "Katikati kabisa, fundi, ili nisikie pande zote sawa." Nikaweka kalamu chini. Chumba cha urefu huo kina wimbi lake la kwanza, besi inayogonga kuta na kujirudia, karibu na hezi 49, na wimbi hilo hujikusanya kwenye kuta za mbele na nyuma, likitoweka katikati. Huyu kijana amekuwa akimiksi ndani ya shimo. Spika zake zinavimbisha juu ya 60, kiti chake kinameza 49, naye yupo hapo kati anahangaika na vitufe.

Nikamwandikia ripoti. Sauti za watu: nzuri, bora kuliko jozi zangu zote mbili. Besi: usiiamini chini ya hezi 60, angalia kwa visikilizi. Kiti: kitoke katikati, kisogee mbele kidogo kidogo huku noti zinapigwa moja moja, mpaka zikaribiane.

Nimefika nyumbani masikio yanavuma, sitaki kusikia hata kijiko kikigusa sufuria. Saa 3 usiku ujumbe ukaingia. "Asante sana fundi. Kwa hiyo ninunue zipi?"

Nikajibu: "Usinunue. Sogeza kiti."

Kimya kidogo. Kisha: "Sawa fundi. Kiti gani unanishauri?"