Saa 5 usiku, Michenzani

Mwanangu alifumbua macho saa 5 usiku, akaketi ndani ya chandarua na kuomba ndizi. Hakulia. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeamka vizuri, ambaye siku yake bado ndefu. Chini ya ghorofa letu pale Michenzani, mjini Unguja, watu wa barazani walikuwa wakiagana, na jikoni mama yangu alishazima taa.

Nilijua kilichomwamsha. Toronto, tulikotoka, ilikuwa saa 9 alasiri, na hiyo ndiyo saa yake ya kuamka usingizi wa mchana. Alipolala saa 3 usiku nyumba nzima ilishusha pumzi, wakidhani mtoto kaanza usiku wake. Kumbe mwili wake ulikuwa umejipumzisha baada ya chakula cha mchana, na usiku wenyewe kwake ungeingia karibu na saa 10 alfajiri, wakati Unguja inakaribia kuamka.

Ilikuwa Desemba 2018. Alikuwa hajatimiza miaka miwili, kwa hiyo alisafiri akiwa amepakatwa. Ndege iliondoka Toronto kabla ya adhuhuri, ikaruka karibu saa 13 mpaka Addis Ababa, na hapo tukapanda nyingine ya Unguja. Watu walioniaga waliniuliza kuhusu nepi, maziwa na sindano za safari. Wasiwasi wangu mimi ulikuwa usingizi. Mtoto wa umri ule anahitaji kulala kati ya saa 11 na 14 katika usiku na mchana, na huyu wangu akikosa usingizi hali, hachezi, wala hataki kushikwa. Mimi na baba yake tulikuwa tumehangaika kwa miezi mpaka akapata utaratibu: anaoga, anapakwa mafuta, anakunywa maziwa, anasomewa kitabu, anaimbiwa, taa inazimwa. Sikuwa tayari kuupoteza utaratibu huo baharini.

Wapo wasemao mtoto mwache tu, atazoea mwenyewe. Kweli atazoea. Lakini mwili husogea kama saa moja tu kwa siku, na kati ya Toronto na Unguja wakati wa baridi kuna tofauti ya saa nane. Hesabu hiyo inakula likizo, na anayeumia katikati ni mtoto asiyeweza kueleza kinachomsumbua. Kusafiri kuelekea mashariki ndiko kugumu zaidi, kwa sababu unautaka mwili ulale mapema kuliko ulivyozoea, na mwili hukubali kuchelewa kuliko kuwahi.

Shemeji yangu ni muuguzi kulekule Toronto, na kabla hatujaondoka alinipa sharti moja ambalo sikulitarajia: siku za mwanzo nisimtoe mtoto juani asubuhi. Nilimbishia. Mimi nimelelewa nikiambiwa kwamba jua la asubuhi ni dawa. Akanieleza taratibu. Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna fundo dogo la seli linaloendesha saa ya mwili, na mwanga ndio unaoirekebisha. Ila mwanga huohuo unaweza kuiwahisha au kuichelewesha, kutegemea umeingia machoni wakati gani. Joto la mwili hushuka chini kabisa saa mbili au tatu kabla ya mtu kuamka kama ilivyo kawaida yake. Mwanga wa kabla ya hapo huichelewesha saa ya mwili. Wa baada ya hapo huiwahisha. Mwanangu Toronto alikuwa akiamka saa 1 asubuhi, yaani saa 9 alasiri ya Unguja. Jua la saa 2 asubuhi pale Michenzani lingemkuta mwili wake uko saa 6 usiku, na lingemvuta upande tusioutaka. Jua lake lilikuwa la baada ya swala ya adhuhuri.

Basi asubuhi nilifunga madirisha, nikatundika kanga mbili juu ya pazia, nikawasha pangaboi. Alilala mpaka saa 5 asubuhi ndipo nikamwamsha, maana kumwacha afike alasiri kungekuwa kumwachia Toronto yake.

Hapo sasa ndipo wageni wakaanza. Mtu akirudi Unguja na mtoto ambaye hajaonwa, nyumba haifungwi. Hodi ya kwanza ilipigwa saa 3 asubuhi, ya pili kabla chai ya kwanza haijapoa. Waliketi, wakala mkate wa kumimina, wakauliza mtoto yuko wapi. Amelala. Wakatazamana. Shangazi yangu hakuficha.

"Mtoto gani analala mpaka jua la utosi? Mwamsheni apigwe jua. Au kapatwa na jicho?"

Nikamwambia, "Shangazi, huyu kwake bado usiku."

"Usiku wapi? Si yuko hapa?"

Sikuwa na jibu la adabu. Mama yangu ndiye aliyeinuka, akamwongezea chai, akamwambia, "Wifi yangu, njoo saa 10 jioni utamkuta anakimbia. Mama yake anajua anachofanya." Alikuwa bado hajasikia habari ya ubongo wala ya joto la mwili. Alinitetea mbele ya watu kwanza, maelezo akayaomba usiku, tukiwa wawili. Mpaka leo namshukuru kwa mpangilio huo.

Na usiku ndio ulikuwa mtihani. Mtoto akiamka saa 5 na nguvu zake, humwambii alale. Tuliwasha taa moja ya ukumbini, ndogo, tukaifunika kwa kitambaa. Hatukuwasha televisheni, na simu zilikaa juu ya kabati. Alitaka kula, kwa hiyo nilimpa kidogo, uji au ndizi, nisije nikaufanya usiku wa manane kuwa chakula chake cha jioni. Dawa ya usingizi tulishaamua tangu mwanzo kwamba hatapewa.

Mama hakukubali nikeshe peke yangu. Ilipofika saa 8 usiku, alitoka chumbani mwake na mkeka, akaniambia, "Nenda kalale. Mimi nitaamka tu kuswali, acha nikae na mke mwenzangu." Walikuwa hawajapata kuonana ila kwenye simu, na mwanangu siku zile kila mgeni alimkimbia. Kwa mama hakukimbia. Niliwasikia kutoka kitandani: mama anahesabu visoda anavyovipanga mkekani, mtoto anavivuruga, mama anaanza tena kwa sauti ileile ya chini, bila haraka. Mchana ule wenye wageni usingewapa nafasi kama ile. Nilikuwa nimekuja nikiuogopa usiku, nao ndio uliompa mwanangu bibi yake.

Mchana, swala ikishaswaliwa, nilimbeba mgongoni kwa ubeleko, tukakata Mnazi Mmoja mpaka Forodhani. Pale bahari inatazama magharibi, hakuna kinachozuia jua mpaka linazama. Vijana walikuwa wakijirusha majini kutoka ukutani, na yeye anapiga makofi kila mmoja anapozama. Toronto mwezi ule jua huzama kabla ya saa 11 jioni, na mchana wote una urefu wa kama saa tisa tu. Huku alikuwa na mwanga mwingi wa kutosha, na nilimwacha aumalize. Kila siku tulitoka mapema kidogo kuliko jana, na kanga za dirishani nilizitoa mapema kidogo vilevile.

Utaratibu wa kulala sikuugusa. Saa ilisogea, vitendo havikubadilika: beseni badala ya bafu, mafuta ya nazi, maziwa, kitabu kilekile cha kurasa ngumu tulichokuja nacho, wimbo. Nadhani hilo lilimsaidia sawa na jua. Chumba kilikuwa kigeni, joto geni, adhana na kunguru wa alfajiri vigeni, lakini baada ya maziwa alijua kinafuata kitabu. Mwamko wa saa 5 ukawa saa 7 usiku, kisha ukawa mfupi, wa kugeuka na kuulizia maji. Shangazi alipokuja tena asubuhi alimkuta mlangoni na kipande cha mkate mkononi. Akamnyanyua, akatangaza kwamba jua limemponya.

Tuliporudi Toronto mambo yaligeuka. Saa 1 asubuhi ya Unguja huku ni saa 5 usiku, na hiyo ndiyo saa aliyosimama kitandani akimwita bibi. Niliwapigia. Mama alikuwa barazani na chai yake, jua limeshapanda nyuma yake, akaanza kumchezea mjukuu. Kisha akasita, akauliza huko saa ngapi. Nilipomwambia, akasema, "Basi ondoa picha, huu mwanga wa simu utamharibia. Muweke sikioni tu, mimi nitaongea naye."